Trebbiano: mwongozo wa zabibu nyeupe ya Italia, kuanzia chupa hadi siki ya matone

Ukila punje moja ya Trebbiano shambani mwezi wa Septemba, utajiuliza watu wanahangaikia nini. Utamu upo, uchachu upo, harufu karibu hakuna. Mara ya kwanza nilipofanya kibarua cha kuvuna hapa Emilia-Romagna, mkoa wa kaskazini mwa Italia, nilimaliza kichala kizima nikiisaka ladha iliyonifanya nipande basi alfajiri, nisiione. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ladha ya Trebbiano haimo ndani ya tunda. Inaletwa na moto, na pipa, na miaka, au na kile ulichokiweka sahanini pembeni yake. Kwa lugha ya nyumbani, Trebbiano ni ugali wa zabibu. Hakuna anayeusifia ugali harufu, lakini uondoe mezani uone.

Kinachoipa kazi nyingi ni uchachu wake. Asidi yake haishuki upesi hata jua likichoma, na asidi ndiyo inayoibeba siki, ndiyo inayoulinda mvinyo unaosubiri kukenekwa, ndiyo inayokifanya kitu kitamu kisichefue. Mwongozo huu unafuata kazi hizo: kusoma chupa, kunywa, kupikia, kupika saba (si namba, bali sharubati nzito ya zabibu), kutengeneza siki ya kawaida, na mwisho siki nyeusi ya Modena inayotumiwa kwa matone. Asiyekunywa pombe aruke hatua ya pili na ya tatu, aende moja kwa moja kwenye saba. Humo hamna kileo, ilimradi afuate saa nitakazotaja.

Hatua ya 1: Jua umeshika Trebbiano ipi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu jina ni moja na zabibu ni nyingi. Mwandishi wa kilimo wa Bologna, Pietro de' Crescenzi, alikuwa ameshaitaja Trebbiano mwanzoni mwa karne ya 14, na tangu hapo kila mkoa umelibandika jina hilo kwenye mzabibu wake mweupe unaozaa sana.

Iliyoenea kuliko zote ni Trebbiano Toscano. Ukivuka mpaka kuingia Ufaransa inaitwa Ugni Blanc. Umbria na kaskazini ya Lazio wanaiita Procanico. Romagna wana Trebbiano Romagnolo yao, na Modena wana Trebbiano Modenese, ambayo tutakutana nayo kwenye siki. Karibu na Spoleto kuna Trebbiano Spoletino, yenye harufu na nguvu kuliko ndugu zake wa jina. Zamani wakulima waliiachia ipande juu ya miti kama mpopoo wa kwetu ulivyo na mtambuu wake, na baadhi ya mizabibu hiyo bado ipo. Halafu kuna wanaotumia jina bila kuwa wa ukoo huo: Trebbiano di Soave, na ile ya Lugana pembeni ya ziwa Garda. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba hizo ni Verdicchio, zabibu ya mkoa wa Marche.

Kwa hiyo ukiwa dukani usitosheke na neno Trebbiano. Soma neno linalofuata. "Trebbiano d'Abruzzo" ni mvinyo wenye hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa na sheria ya Italia, tangu 1972, unaotoka milima na pwani ya Abruzzo. "Romagna Trebbiano" ni mwepesi, wa bei ya chini, wa kunywewa ungali mchanga. Ukiona "Orvieto" au "Frascati", jua kwamba Trebbiano mara nyingi imo ndani ikiwa imechanganywa na wenzake, japo jina lake halimo kwenye lebo.

Vivyo hivyo "Est! Est!! Est!!!" ya Montefiascone. Hadithi yake inajulikana na kila mwenye mgahawa wa huko: askofu mmoja wa Kijerumani, akielekea Roma mwaka 1111, alimtanguliza mtumishi wake aandike neno "est", yaani "upo", kwenye mlango wa kila nyumba ya wageni yenye mvinyo mzuri. Montefiascone mtumishi akaandika mara tatu. Askofu, wanasema, hakuendelea na safari, akanywa mpaka akafia pale. Mimi nimeuonja mvinyo huo. Ni mzuri, lakini sidhani kama ningeiacha safari kwa ajili yake.

Jambo moja kuhusu Chianti, kwa sababu watu hubishana. Kanuni za DOC za 1967 ziliwalazimisha watengenezaji wa Chianti, mvinyo mwekundu, kuchanganya humo zabibu nyeupe, Trebbiano na Malvasia, kati ya asilimia 10 na 30. Matokeo yakawa mvinyo mwembamba, na waliojali jina lao wakalalamika. Tangu mavuno ya 2006 zabibu nyeupe haziruhusiwi tena ndani ya Chianti Classico. Ukisikia mzee anasema Trebbiano iliiharibu Chianti, ana haki ya kusema, ingawa kosa lilikuwa la kanuni.

Na anayesema Trebbiano haiwezi kutoa mvinyo mkubwa hajafika Loreto Aprutino. Huko familia ya Valentini inatengeneza Trebbiano d'Abruzzo inayokaa chupani miongo na kuzidi kuwa nzuri, na bei yake inakutoa jasho. Siri yake kubwa ni kuuzuia mzabibu usizae ovyo. Ukiuachia, hekta moja yaweza kutoa lita 15,000 za mvinyo, na mzigo mkubwa namna hiyo hauachi chochote cha kuonja.

Hatua ya 2: Kuinywa

Hatua hii ni fupi. Nunua mavuno ya mwaka huu au uliopita, kwa sababu Trebbiano ya kawaida haisubiri mtu. Weka kwenye friji saa mbili, unywe ikiwa nyuzi 8 hadi 10. Usiinywe peke yake. Itafutie chumvi na mafuta: dagaa wa kukaanga, ngisi, jibini changa, piadina (mkate wa huku unaofanana na chapati) yenye nyama iliyokaushwa. Chupa ikishafunguliwa, ifunge uirudishe kwenye friji, na kwa siku tatu bado inafaa kupikia.

Hatua ya 3: Kupikia

Mpishi anapotaka mvinyo mweupe mkavu jikoni, Trebbiano ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sababu ileile inayoifanya isisifiwe mezani: haiingilii chakula. Ukipikia mvinyo wenye harufu ya maua, samaki wako atanukia maua.

Chukua kome kilo moja, uwasugue na kuwatoa zile nyuzi. Pasha mafuta ya zeituni, tia vitunguu saumu viwili vilivyopondwa na pilipili kidogo. Vikianza kunukia tu, kabla havijageuka rangi, mimina Trebbiano nusu glasi na uiache ichemke kwa nguvu dakika mbili. Hizo dakika mbili ni muhimu. Mvinyo usipochemka vya kutosha unaacha ukali mbichi kooni. Kisha tia kome, funika, tikisa sufuria. Dakika nne au tano watakuwa wamefunguka. Ambaye hakufunguka mtupe. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja, maana kome wanakuja na bahari yao.

Njia hiyohiyo inafaa kwa changu au kwa kuku. Kipimo cha mvinyo kiwe kidogo kuliko unavyodhani.

Hatua ya 4: Saba, yaani zabibu iliyopikwa ikawa asali

Haina uhusiano na namba saba. Neno linatokana na Kilatini "sapa", na Warumi waliipika kwa wingi sana kwa sababu hawakuwa na sukari. Tena walipenda kuipikia kwenye vyungu vya risasi, kwani risasi iliongeza utamu, na sumu yake ikaenda nao mwilini. Mimi sikutumia risasi, ila sufuria yangu ya kwanza ilikuwa ya alumini, zile za kupikia pilau ya watu kumi. Asidi ya Trebbiano iliikwangua vizuri, na nikapata chupa mbili za sharubati yenye ladha ya sarafu. Bibi jirani yangu, ambaye amepika saba tangu utotoni, aliionja, akaweka kijiko chini, akabadilisha mazungumzo.

Tumia sufuria ya chuma cha pua, yenye kitako kizito na mdomo mpana. Mdomo mpana unaharakisha mvuke kutoka.

Anza na zabibu kilo 10. Ziwe zimeiva kabisa, ganda limeanza kugeuka rangi ya kaharabu upande uliopigwa na jua. Toa punje zote zenye ukungu, kwani moja tu huleta harufu ya ghala. Osha, chuja maji, ondoa vikonyo.

Ponda kwa mikono ndani ya ndoo safi. Usitumie blenda: inasaga mbegu, na mbegu zina uchungu ambao ukishapikwa hautoki. Mimina kwenye chujio, kisha pitisha kwenye kitambaa cha melimeli ukikamua taratibu. Utapata lita 6 hivi, pengine 7 kama mwaka ulikuwa na mvua. Maji hayo yanaitwa mosto.

Sasa angalia saa. Ganda la zabibu lina chachu yake ya asili, na mosto ukiachwa mahali penye joto unaanza kuchacha ndani ya siku moja. Ukitaka saba isiyo na kileo, uweke kwenye friji saa tatu au nne tu ili masimbi yatuame, umimine sehemu ya juu sufuriani, upike siku hiyohiyo. Usiache hadi kesho.

Washa moto wa wastani. Kabla ya kuchemka, povu la kijivu litapanda. Lienguwe kwa upawa kila linapotokea, mpaka lianze kuja jeupe na jepesi. Kisha punguza moto mpaka uone mvuke na vipovu vichache pembeni. Usifunike. Wapishi wa Romagna hutumbukiza kokwa chache zima za jozi (walnut), pamoja na maganda yake yaliyosuguliwa safi, zikawa zinagongagonga kitako cha sufuria na kuzuia saba isishike. Nilidhani ni ushirikina mpaka nilipopika bila jozi.

Kwa lita 6 tenga saa tano hadi saba. Saa tatu za mwanzo unaweza kufanya kazi zako. Saa ya mwisho usiondoke, kwani ndipo saba inapoweza kugeuka kutoka asali kwenda lami ndani ya dakika kumi. Inakuwa tayari ikibaki theluthi moja, kama lita 2. Dondoshea tone kwenye sahani baridi, uiinamishe: likitiririka upesi kama maji, bado, likitembea polepole na kuacha njia nyuma yake, zima moto. Kumbuka itazidi kuwa nzito ikipoa, kwa hiyo zima mapema kidogo kuliko jicho linavyokuambia.

Mimina ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa na kukaushwa, ujaze mpaka karibu na mdomo, ufunge. Mahali penye giza na baridi inakaa mwaka. Ikishafunguliwa ihamishie kwenye friji.

Huku wanaimwagia juu ya polenta (ugali wa mahindi wa Kiitaliano), juu ya rikota (jibini laini jeupe), na theluji inapoanguka watoto wa Romagna walikuwa wakijaza bakuli theluji safi na kuitilia saba. Mimi naitia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi na barafu, na Ramadhani wenzangu wa Mombasa wanaoishi hapa huniomba chupa kwa ajili ya kufuturu. Juu ya mkate wa kumimina pia inakaa vizuri.

Aliyeko Dodoma hana Trebbiano, lakini ana Chenin Blanc, zabibu nyeupe nyingine yenye asidi nyingi, na huko wanavuna mara mbili kwa mwaka. Njia ni ileile. Zabibu za kula za sokoni, zile zisizo na mbegu, zina asidi kidogo, hivyo saba yake inakuwa tamu tupu. Kama ndizo ulizonazo, kamulia ndimu nusu dakika za mwisho.

Hatua ya 5: Siki ya kawaida kwa mvinyo uliobaki

Unahitaji mvinyo wa Trebbiano, maji, na siki mbichi ambayo haijapitishwa motoni, yenye utando wa bakteria hai. Utando huo Waitaliano wanauita "madre", mama. Mwenye kutengeneza siki nyumbani hukugawia kipande bure.

Mvinyo wa asilimia 12 ni mkali mno kwa bakteria wa siki, basi changanya vikombe viwili vya mvinyo na kimoja cha maji. Tia kikombe kimoja cha siki yenye mama. Tumia mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, ujaze theluthi mbili tu, kwa sababu bakteria hawa wanahitaji hewa. Funika kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Wale nzi wadogo wa matunda watakuja kutoka usikokujua, kwa hiyo kitambaa kiwe cha nyuzi zilizobanana. Weka mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30 na giza. Dar es Salaam au Mombasa kabati lolote linafaa. Huku inabidi nikae nayo karibu na jiko.

Usikoroge na usihamishe. Baada ya wiki mbili hivi utaona utando mpya juu. Kati ya mwezi mmoja na miwili onja: harufu ya mvinyo ikiwa imekwisha na ukali umekaa, chuja uweke chupani. Ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga yote na uanze upya.

Onyo kwa wanaotengeneza achari: siki ya nyumbani hujui asidi yake ni asilimia ngapi, na kuhifadhi vyakula kwa muda mrefu kunataka angalau 5. Hii tumia kwenye kachumbari ya kuliwa leo.

Kazi mbili za kuachia wenye leseni

Huko Cognac, Ufaransa, Ugni Blanc inachukua karibu asilimia 98 ya mashamba. Ilishika nafasi hiyo baada ya mdudu filoksera kuangamiza mizabibu ya zamani karne ya 19. Mvinyo wake unatoka mchachu na hafifu, wa kileo cha asilimia 9 hivi, mtu hawezi kuufurahia glasi nzima. Lakini mvinyo huo mchachu unajilinda wenyewe bila dawa ya salfa mpaka ufike kwenye mtambo, na salfa ikipita mtamboni inaharibu kila kitu. Unakenekwa mara mbili kwenye mitambo ya shaba, kazi yote iwe imekwisha tarehe 31 Machi. Lita 9 za mvinyo zinatoa lita moja hivi ya pombe ambayo bado itakaa kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua miwili. Usijaribu kukeneka nyumbani. Tuliokulia karibu na gongo na chang'aa tunajua waliopofuka.

Vin Santo ya Toscana ni hadithi nyingine. Trebbiano na Malvasia zinatundikwa au kulazwa juu ya mikeka ya matete darini mpaka Desemba au zaidi, zinyauke, sukari ikolee. Zinakamuliwa, mosto unafungiwa kwenye vipipa vidogo pamoja na masimbi ya mvinyo uliotangulia, na vipipa vinabaki palepale darini miaka mitatu au zaidi bila kufunguliwa. Majira ya baridi chachu inalala, ya joto inaamka. Wakati mwingine wanafungua wanakuta siki. Ukialikwa na kupewa glasi ndogo na biskuti ngumu za lozi, chovya. Najua wapo wanaosema ni kuutukana mvinyo mzuri. Chovya tu.

Hatua ya 6: Siki ya Modena

Sasa tumefika pale ambapo Trebbiano ilinishinda nguvu. Mkulima mmoja alinipandisha darini kwake, joto la Julai, giza, harufu nzito kama ya halua inayopikwa nyumba ya tatu. Kulikuwa na mapipa matano yaliyopangwa mstari kama watoto wa mama mmoja wakipigwa picha, kubwa hadi dogo. Akachovya kijiko cha kauri, akanipa tone moja.

Mambo yanakwenda hivi. Mosto wa Trebbiano, na wa zabibu nyingine za huko kama Lambrusco, unapikwa kwenye masufuria yasiyofunikwa saa nyingi, kwa joto lililo chini kidogo ya kuchemka, mpaka upungue karibu nusu. Kisha unaachwa uchache na kugeuka siki polepole. Baada ya hapo unaingia kwenye safu ya mapipa ya miti tofauti: mwaloni, chesnati, mcheri, mforsadi, mreteni. Kila mti unatoa chake. Mdomo wa pipa haufungwi, unafunikwa kwa kitambaa tu ili maji yapotee, na mapipa yanawekwa darini makusudi, yaokwe na kiangazi na kugandishwa na baridi.

Mara moja kwa mwaka mwenye nyumba anatoa kiasi kidogo kwenye pipa dogo kabisa. Pengo analijaza kutoka pipa linalofuata kwa ukubwa, la hilo kutoka lingine, mpaka lile kubwa, ambalo linapata mosto mpya uliopikwa. Kwa hiyo ndani ya tone lile palikuwa na mchanganyiko wa miaka mingi, ya zamani zaidi ikiwa kidogo kuliko zote lakini haijaisha. Desturi ya familia za Modena ilikuwa kuanzisha safu ya mapipa mtoto wa kike anapozaliwa, aende nayo akiolewa. Ni mahari ya aina yake, isipokuwa inatoka upande wa bibi harusi.

Huwezi kuitengeneza hii kwa wiki mbili, na anayekuuzia "mapishi ya haraka" anakuuzia sukari. Hatua yako wewe ni kununua bila kudanganywa.

Kwanza, tofautisha bidhaa mbili. "Aceto Balsamico Tradizionale di Modena" yenye alama ya DOP (ulinzi wa jina la asili wenye masharti makali) ni ile ya darini. Ndani yake mna mosto uliopikwa tu, hakuna kingine. Inapita mbele ya jopo la waonjaji, na inawekwa kwenye chupa moja tu ya mililita 100, yenye tumbo la duara na kitako cha pembe nne, iliyobuniwa na Giorgetto Giugiaro, yuleyule mbunifu wa magari. Iliyokaa miaka isiyopungua 12 inaitwa "affinato", isiyopungua 25 "extravecchio". Reggio Emilia wana ya kwao, chupa yake ni tofauti, na wanatumia lebo tatu: nyekundu, ya fedha na ya dhahabu. Bei ni makumi ya euro, na ya miaka 25 inaweza kupita 100. Ukiiona kwa euro 8, siyo.

Ya pili ni "Aceto Balsamico di Modena" yenye IGP (ulinzi wa jina la eneo, wenye masharti mepesi zaidi), bila neno "Tradizionale". Hii ndiyo iliyojaa madukani duniani kote. Ni mchanganyiko wa mosto na siki ya mvinyo, asidi isiyopungua asilimia 6, na muda wa chini wa kukaa ni siku 60. Caramel inaruhusiwa kwa rangi. Siyo bidhaa mbaya. Kwenye kachumbari na saladi ndiyo inayofaa, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayemimina ya miaka 25 juu ya majani. Geuza chupa usome viungo, maana vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. "Mosto d'uva" ikitangulia "aceto di vino", itakuwa nzito na tamu kiasi. Siki ikitangulia, itakuwa nyepesi na kali. "Invecchiato" maana yake imekaa pipani miaka isiyopungua mitatu.

Kuna aina ya tatu, ile sharubati nyeusi inayoitwa "glassa" au "krimu ya balsamiko", yenye wanga wa kuifanya nzito. Mimi hapo sina la kusema zaidi ya kwamba saba yako ya hatua ya nne itaishinda.

Ukipata fursa ya kusafiri, nenda Spilamberto, mji mdogo karibu na Modena. Kuna jumba la makumbusho la siki hii na chama cha wenye mapipa kilichoanzishwa 1967, na kila mwaka kaya zinashindanisha siki zao kwenye Palio di San Giovanni. Mwongozaji atakueleza kwamba mwaka 1046 mfalme wa Wajerumani, Henry III, alipokea siki maarufu kutoka kwa bwana wa Canossa. Iwapo siki ile ilikuwa kama ya leo, hilo ni jambo jingine. Neno "balsamico" lenyewe linaonekana kwenye madaftari ya ghala za watawala wa Este mwaka 1747.

Kuhusu kutumia: ya DOP haipikwi. Moto unaua kile ulicholipia. Zima jiko, pakua, halafu dondoshea. Matone matatu juu ya kipande cha Parmigiano Reggiano kilichovunjwa kwa mkono, si kukatwa. Juu ya stroberi, juu ya kimanda, juu ya aiskrimu ya vanila. Nimeijaribu kwenye papai lililoiva vizuri na inakubali. Kwenye embe bado nasita, kwani embe dodo lina maneno mengi ya kwake.

Ionje kwa kijiko cha kauri, cha mti au cha plastiki, kisiwe cha chuma. Chupa usiiweke kwenye friji, wala karibu na vitunguu na viungo vyenye harufu, kwa sababu kifuniko chake hupumua. Kabatini inakaa miaka. Ukiona imekuwa nzito mno au ina chembechembe chini, ni sukari ya zabibu imeganda; simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika kumi, itarudi.